Kusitiri na Kufunua: Washairi Wawili wa Sinema ya Iran

Mshairi wa Pwani hulelewa akijua kuwa neno lina dhahiri yake na batini yake. Kuna la kusemwa na kuna la kusitiriwa, na umahiri wa mtunzi hupimwa kwa namna anavyoyapa yote mawili haki yake. Kamera haikuzaliwa na adabu hiyo. Huona kila kilicho mbele yake, huchukua sura ya mtu bila ya kumwomba ruhusa, na yaliyompata katika saa ya unyonge huyapeleka katika miji asiyoijua. Ndiyo maana swali hili la kale la watunzi, lilipoingia katika sinema, liligusa heshima ya watu kabla ya kugusa sanaa. Katika nchi ya Iran, ambako beti za Hafez na Khayyam zimo vinywani mwa maprofesa na wachunga mbuzi, swali hilo lilijibiwa mara mbili. Jibu la kwanza lilitolewa na mwanamke mshairi aliyeongoza filamu moja fupi tu maishani mwake, na la pili na mwanamume aliyeongoza filamu nyingi na kuandika mashairi kando. Majibu yao ukiyatazama juu juu yanapingana.

Mwanamke huyo ni Forough Farrokhzad. Aliolewa akiwa na umri wa miaka 16, akazaa mtoto mmoja wa kiume, na ndoa ilipovunjika katikati ya miaka ya 1950 mtoto alibaki kwa baba yake. Mashairi yake ya mwanzo yalisema waziwazi mapenzi na matamanio ya mwanamke, jambo ambalo wanaume walikuwa wamelisema kwa karne nyingi kwa niaba ya wanawake. Alisifiwa na alitukanwa, aghalabu na watu wale wale. Katika umbo alifuata njia iliyofunguliwa na Nima Yushij, aliyethubutu kurefusha na kufupisha mistari na kuilegeza minyororo ya vina. Wapenzi wa ushairi wa Kiswahili, waliosikia mivutano baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, hawatahitaji kuelezwa ni kelele za aina gani zilizozuka Tehran.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Forough alipata kazi katika studio ya Ebrahim Golestan, mwandishi na mtengenezaji filamu aliyekuwa pia mpenzi wake. Huko alijifunza kazi ya kuunganisha picha. Ndiye aliyeiunganisha Yek Atash, filamu ya Golestan juu ya kisima cha mafuta kilichoshika moto karibu na Ahvaz. Kazi hiyo ya kukata na kuunga humfaa mshairi, kwa kuwa ni kazi ya mizani: taswira hii ikae muda gani, ipi iifuate, wapi pawe na kituo. Mwaka 1962 chama kilichokuwa kikiwasaidia wagonjwa wa ukoma kiliomba filamu ya kuielimisha jamii, na Forough akapelekwa Bababaghi, makazi ya wagonjwa hao karibu na Tabriz. Alipiga picha kwa siku 12. Filamu iliyopatikana haizidi sana dakika 20, na jina lake ni Khaneh siah ast, yaani Nyumba ni Nyeusi.

Filamu inaanza katika giza. Sauti ya mwanamume inamwonya mtazamaji kuwa ataona ubaya wa sura, na kwamba ubaya huo ungezidi kama binadamu angeufumbia macho. Kisha mwanamke aliyejitanda anaonekana mbele ya kioo. Uso wake umeharibiwa na maradhi. Kamera inakisogelea kioo polepole, wala haikwepi, hata mtazamaji anatambua kuwa mwanamke yule amekuwa akijitazama muda mrefu kabla ya kutazamwa na wengine. Hapo ndipo filamu inapoweka sharti lake: anayetaka kutazama atazame kama anavyojitazama mwenye uso huo.

Baadaye sauti mbili zinapokezana. Ya mwanamume inasema mambo ya tiba: ukoma hufuatana na umasikini, na ukoma unatibika. Ya Forough mwenyewe inasoma maneno yaliyofumwa kutokana na vitabu vitakatifu na ushairi wake, kwa mwendo wa utulivu usio na kilio. Mwanamume mmoja anakwenda na kurudi kando ya ukuta huku sauti ikitaja siku za wiki moja baada ya nyingine, na siku hizo zinapojirudia, mtazamaji anaanza kuhisi uzito wa muda mahali ambapo hakuna anayetazamiwa kutoka. Hakuna maelezo zaidi. Mtunzi amefanya kile kinachofanywa na kibwagizo katika wimbo.

Lakini filamu haikomi kwenye huzuni. Wanawake wanapaka wanja. Nywele ndefu zinachanwa. Watoto wanacheza mpira, watu wanakusanyika katika sherehe ya furaha na kupiga makofi kwa mikono iliyopungua vidole. Mtengenezaji mwingine angeyaacha haya, maana yanavuruga huruma. Anayehurumiwa hutakiwa alie, asijipambe. Forough aliyaingiza kwa sababu aliwaona wenyeji wa Bababaghi kuwa ni watu walio na maradhi, wala hakuona kuwa maradhi ndiyo yaliyokuwa watu. Mwanamke anayejipaka wanja juu ya kope zilizoharibika anadai kitu ambacho hakuna hospitali inayoweza kumpa: haki ya kuwa mzuri.

Sehemu ya mwisho ni darasani. Mwalimu anauliza kwa nini watu wamshukuru Mungu kwa kuwapa baba na mama, na mtoto mmoja anajibu kuwa hajui, kwani yeye hana hata mmoja. Mwingine anaambiwa ataje vitu vizuri, naye anataja mwezi, jua, maua na kucheza. Hatimaye mwanafunzi anasimamishwa ubaoni atunge sentensi yenye neno nyumba. Anafikiri kwa muda mrefu. Katikati ya kufikiri kwake filamu inaonyesha umati wa wagonjwa wakija kuelekea lango, na lango linafungwa mbele ya kamera, likionyesha maandishi ya mahali palipo. Ndipo kijana anaandika kwamba nyumba ni nyeusi. Ni maneno machache, ya mtoto, kwa chaki, na hayana tashibiha wala istiara. Hata hivyo, baada ya yaliyotangulia, hakuna mshairi ambaye angeweza kuyaongezea neno.

Filamu hiyo ilipata tuzo mwaka 1963 katika tamasha la Oberhausen, Ujerumani. Forough alipoondoka Bababaghi aliondoka na mtoto wa wazazi wawili waliokuwa wagonjwa, akamlea kama wake. Yule aliyenyang'anywa mwana alipata mwana mahali ambapo watu waliogopa hata kupita. Miaka michache baadaye, Februari 1967, alifariki dunia katika ajali ya gari mjini Tehran akiwa na umri wa miaka 32. Hakuongoza filamu nyingine ya namna hiyo.

Jibu lake, basi, lilikuwa kufunua. Wagonjwa wa ukoma walikuwa wamesitiriwa na jamii kwa sitara isiyokuwa ya heshima, sitara ya ukuta na lango. Kuwaficha tena katika picha, au kuwaonyesha kwa mbali na kwa ukungu kama wafanyavyo waoga, kungekuwa kuongeza ukuta wa pili. Adabu ilitaka uso uonekane wote.

Jibu la pili lilikuja zaidi ya miaka 30 baadaye. Abbas Kiarostami alizaliwa Tehran mwaka 1940, akasomea uchoraji, akaanza kazi ya filamu katika taasisi iliyoshughulikia malezi ya watoto na vijana. Filamu yake ya kwanza, Mkate na Kichochoro ya mwaka 1970, ni fupi na nyepesi kama kitendawili: mtoto amebeba mkate, mbwa amemzibia njia, na mtoto hana budi kufika nyumbani. Kazi yake yote imekaa katika mbegu hiyo. Kuna mtu, kuna njia, kuna kizuizi, na mtazamaji anaachiwa afikiri.

Mwaka 1987 alitoa filamu iliyochukua jina lake kutoka katika shairi la Sohrab Sepehri, mshairi na mchoraji aliyefariki mwaka 1980: Nyumba ya Rafiki Iko Wapi? Mtoto wa shule aitwaye Ahmad anagundua kuwa amechukua kwa makosa daftari la mwenzake. Mwalimu ameshatoa kauli kuwa mwenzake huyo akikosa tena kuandika kazi yake katika daftari hilo atafukuzwa. Ahmad anataka kulirudisha, ila mwenzake anakaa kijiji kingine na hakuna mtu mzima anayemsikiliza. Mama anamwamrisha amalize kazi zake. Babu anamtuma sigara asizozihitaji, ili tu mtoto ajifunze kutii. Kwa babu huyo utii ndio adabu, na mtazamaji aliyekulia katika jamii yenye kuheshimu wazee atatikisika kidogo, maana filamu haimdhihaki mzee, wala haimkubalii.

Katika kutafuta, Ahmad anakutana na fundi mkongwe aliyetumia umri wake kutengeneza milango na madirisha ya mbao, na sasa watu wanaing'oa ili waweke ya chuma. Wanatembea pamoja usiku, mzee kwa mwendo wake wa taratibu, mtoto kwa haraka yake, huku mwanga wa ndani ya nyumba ukipita katika nakshi za madirisha na kuanguka ukutani. Kwa mkaazi wa mji wenye milango ya nakshi, hapana haja ya ufafanuzi. Neno dirisha lenyewe Waswahili wamelipokea kutoka Kiajemi, daricha, kidirisha kidogo, na ni taswira anayoirudia Forough katika mashairi yake. Safari ya usiku haimfikishi mtoto kwa rafiki yake. Anarudi kwao, anaiandika kazi mara mbili, yake na ya mwenzake. Asubuhi mwalimu analifungua daftari, na ndani yake limo ua dogo alilolitoa yule fundi. Filamu inaishia papo hapo.

Juni 1990 zilzala kubwa iliipiga sehemu hiyo ya kaskazini mwa Iran na kuua watu kwa makumi ya maelfu. Kiarostami alikwenda kuwatafuta watoto waliocheza katika filamu yake, na kutokana na safari hiyo alitengeneza nyingine, iliyotoka mwaka 1992. Mtazamaji anamfuata mwanamume ndani ya gari, njiani katikati ya vifusi, akiuliza habari za watoto hao. Gari linapanda mlima, linashindwa, linarudi, linapanda tena, na filamu inakwisha bila ya kumwonyesha mtazamaji kama watoto walipatikana. Wapo waliokasirika. Lakini palipokuwa na wazazi wengi wasiopata wana wao, kumpa mtazamaji wa mbali furaha ya kukutana na wawili hao kungekuwa aina ya dhuluma. Kitu kilisitiriwa, na kilisitiriwa kwa ajili ya waliofiwa.

Mwaka 1997 Kiarostami alipata tuzo kubwa kabisa ya tamasha la Cannes kwa Ladha ya Cheri, akigawana heshima hiyo na Mjapani Shohei Imamura. Miaka miwili baadaye alitoa filamu inayofunga fundo na Forough: Upepo Utatuchukua, jina lililotoka katika shairi lake lililomo katika diwani Kuzaliwa Kwengine. Mashairi hayo yalikuwa yamepigwa marufuku kwa miaka kadhaa baada ya mapinduzi ya 1979. Kwa hiyo kulichagua jina hilo hakukuwa pambo. Sauti ya mwanamke aliyenyamazishwa kaburini iliitwa tena.

Katika filamu hiyo mtu wa mjini, ambaye wanakijiji wanamwita mhandisi, anafika na wenzake katika kijiji cha mlimani huko Kurdistan. Hawasemi walichokuja kufanya. Kidogo kidogo mtazamaji anafahamu: yumo kijijini bibi kizee anayekaribia kufa, na wageni wanataka kupiga picha za matanga, ambapo wanawake hujikwaruza nyuso kwa kumlilia maiti. Bibi hafi. Siku zinapita. Simu ya mkononi ya mhandisi inalia, na kila inapolia lazima apande gari mpaka juu makaburini ili asikie, mara kwa mara, hadi jambo linachekesha na kutia aibu kwa pamoja. Mtu anayesubiri kifo cha mwenzake ili apate picha analazimika kuzungumza na wakubwa wake akiwa amesimama juu ya makaburi.

Huyu mhandisi ni Kiarostami anayejishitaki mwenyewe, na anawashitaki wote waliokwenda vijijini na vyombo vyao kutafuta huzuni za watu. Hukumu imetolewa kwa umbo la filamu. Wenzake mhandisi husikika na hawaonekani. Bibi mgonjwa haonekani kamwe; kipo tu kidirisha chake. Mchimba shimo aliyeko makaburini husikika kwa sauti kutoka ardhini. Anayeonekana wazi kupita wote ni mhandisi, aliyekuja kuwaona wengine, na katika sehemu moja ananyoa ndevu akiitazama kamera kana kwamba ndiyo kioo chake. Mtazamaji aliyekumbuka kile kioo cha Bababaghi ataona jinsi mambo yalivyogeuka. Forough alimwekea kioo aliyefichwa. Kiarostami amemwekea kioo mwenye kamera.

Kilele kimo gizani. Mhandisi anatafuta maziwa, na anaelekezwa kwenye chumba cha chini ya ardhi ambamo msichana anakama ng'ombe kwa mwanga wa kandili. Skrini inakuwa nyeusi kabisa wakati anashuka. Kisha inaonekana mikono, ndoo, tumbo la ng'ombe, kanga ya mwanga sakafuni. Uso wa msichana hauonekani. Anapokama, mhandisi anamsomea shairi la Forough, shairi la usiku, la mapenzi na hofu ya kutoweka. Msichana anauliza mshairi huyo alisoma kwa miaka mingapi, na anajibiwa kuwa ushairi hauhusiani na vyeti. Mgeni anamtaka ainue kandili amwone sura. Kandili inabaki chini.

Wako wanaoiona sehemu hii kuwa ya kukirihisha, na hawakukosea. Mwanamume mzima wa mjini yuko peke yake na binti mchumba wa mtu, anamsomea maneno ya mahaba asiyoyaomba. Kiarostami hakuifuta karaha hiyo. Alichofanya ni kuupa upande wa binti nguvu zote za picha. Ana sauti, ana maswali, ana mikono inayofanya kazi, na ana uso alioamua kubaki nao. Shairi la mwanamke aliyepigania kuonekana linasomwa mbele ya mwanamke anayekataa kuonekana, na wote wawili wana haki. Mtazamaji ndiye anayeachwa bila ya alichokitaka, naye anajua kuwa alikitaka.

Baadaye shimo linamporomokea mchimbaji, na mhandisi anakimbia kuita watu wamwokoe. Ndiyo mara ya kwanza anafanya jambo lisilohusu shabaha yake. Daktari mzee anampakia kwenye pikipiki, wanapita katika mashamba ya nafaka iliyoiva, na daktari anamkumbusha kwa maneno ya Khayyam kuwa yaliyoko sasa yana ladha kuliko yaliyoahidiwa. Alfajiri bibi anafariki. Mhandisi anapiga picha chache za wanawake wanaokwenda msibani, kisha anautupa mtoni mfupa aliouokota makaburini. Matanga aliyoyafuata safari yote hiyo hayamo katika filamu.

Kwa hiyo kusitiri kwa Kiarostami na kufunua kwa Forough kumetoka kisima kimoja. Wote wawili walijiuliza: mtu huyu aliye mbele ya kamera amenyimwa nini? Mgonjwa wa Bababaghi alinyimwa kutazamwa, akapewa macho. Mwanakijiji wa Kurdistan alinyimwa faragha na wageni wenye haja zao, akapewa giza. Kosa la watengenezaji wengi ni kushika mojawapo ya njia hizo kama kanuni, wakafunua kila kitu kwa jina la ukweli, au wakaficha kila kitu kwa jina la heshima, wasimwulize mwenye uso.

Kiarostami alifariki Paris mwezi Julai 2016. Zaidi ya filamu, aliacha mashairi mafupi sana, mengine ya mistari miwili au mitatu, juu ya theluji, farasi, jani linaloanguka. Aliwahi pia kuyakata mashairi ya Hafez na Saadi na kuchapisha mstari mmoja mmoja ukisimama peke yake kwenye ukurasa mweupe. Wako wapenzi wa ghazali walioona kuwa ameharibu. Yeye, kama alivyokuwa akifanya katika sinema, aliamini kuwa nafasi tupu inayouzunguka mstari ni ya msomaji, naye ana lake la kuleta. Mshairi anayejua kufumba atalitambua hilo mara moja. Fumbo lisilomwachia mtu nafasi ya kulifumbua si fumbo, na picha iliyosema yote imemfukuza mgeni mlangoni kabla ya kumkaribisha.